Kabureta Niliyoibana

Siku ya kwanza niliingia karakana ya misheni pale Mpanda nikiwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima, kwa sababu kazi niliyoitiwa ilikuwa ya kutunza stoo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilidhani nitakaa kwenye kiti, nitoe spana asubuhi na kuzipokea jioni. Mkuu wa karakana alikuwa Bruda, Mfipa mmoja mrefu asiye na maneno mengi, ovaroli yake imepauka kwa kufuliwa. Aliniangalia viatu, kisha akaniuliza kama najua kuosha vyombo.

"Najua, Bruda."

"Vizuri. Osha hivi."

Akanisukumia karai dogo la petroli. Ndani yake mlikuwa na vipande vya shaba na bati, vingine vidogo kuliko punje ya mchele.

"Ukipoteza hata kimoja," akasema, "Padre hafiki Litapunga Jumapili."

Niliosha nikiwa nimeshika pumzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kabureta yangu ya kwanza, na sikujua hata jina lake.

Kwa nyie mliokulia kwenye magari yenye kompyuta, nieleze kidogo. Petroli peke yake haiwezi kuendesha injini. Lazima ichanganywe na hewa, na mchanganyiko uwe wa kiasi chake. Kabureta ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ina kibakuli cha kuhifadhi petroli, na ndani ya kibakuli kuna boya linalofunga mlango petroli ikijaa. Kutoka hapo petroli inapita kwenye jeti, yaani kijipande cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano, inanyonywa na hewa inayopita kwa kasi, halafu inaingia kwenye silinda kuwaka. Petroli ikizidi, injini inatoa moshi mweusi na kunuka. Ikipungua, injini inapata joto kuliko inavyopaswa. Maisha yangu yote ya kazi yamekuwa katikati ya mambo hayo mawili.

Magari tuliyotunza yalikuwa yale madogo ya mgongo wa kobe, injini nyuma, mizigo mbele. Injini yake haina rejeta wala haijui maji. Inapozwa na upepo wa feni na oili basi. Huku kwetu yalipendwa sana. Kati ya Mpanda na Mpimbwe, kiangazi kikikaza, unaweza kwenda mwendo mrefu usione maji ya kumimina kwenye rejeta, na ukisimama ndani ya hifadhi ya wanyama iliyo njiani mbung'o wanakumaliza.

Stoo ilikuwa na dirisha lililotazama uwanja wa karakana. Nilikaa pale miezi mitano nikisikia injini zikiwashwa na kuzimwa. Asubuhi moja Padre alileta gari lake akaliacha linanguruma nje, na mimi, bila kufikiri, nikasema kupitia dirishani kwamba silinda moja haifanyi kazi. Bruda akaja na koleo, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Alipochomoa ya nne, sauti haikubadilika. Maana yake ile ya nne ilikuwa imelala.

"Umejuaje?" akauliza.

"Inaruka neno," nikamwambia. "Kama mtu anayesali rozari huku anasinzia."

Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Wiki iliyofuata stoo akapewa mtu mwingine, mimi nikapewa ovaroli iliyobidi nikunje mikono mara tatu.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Fundi Mkuu, Mkonongo wa upande wa Inyonga, mtu wa makamo mwenye vidole vinene ambavyo hata leo sielewi viliwezaje kushika vitu vidogo vile. Mwanzoni hakunitaka. Alisema karakana si jiko. Lakini alikuwa mtu wa haki, na alipoona sikimbii uchafu, akaanza kunionyesha.

Sheria yake ilikuwa moja: kabureta ni ya mwisho. Mtu akija analalamika gari halina nguvu, wewe usikimbilie bisibisi. Anza na tapeti, vile vyuma vinavyofungua valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi, uvipime asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Nenda kwenye pointi, zinazokata na kurudisha umeme wa plagi. Angalia plagi zenyewe. Halafu endesha gari mpaka stesheni ya treni na kurudi, injini ipate joto na choki, kile kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi, ifunguke yote. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kugusa kabureta.

Kuseti kwenyewe kulikuwa hivi. Unafunga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka ikae, bila kuikaza, maana ukikaza unaharibu ncha yake. Unaifungua raundi moja na nusu. Unawasha. Halafu unaifunga kidogo kidogo huku unasikiliza, mpaka injini ianze kusitasita, unairudisha nyuma mpaka itulie, unaongeza nywele moja zaidi. Mwisho unarekebisha sailensi, ndivyo tunavyoita ule mngurumo wa gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta.

"Hiyo nywele moja zaidi usiisahau," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Wengi wanaisahau kwa sababu gari halilalamiki papo hapo."

Mimi sikuisahau. Mimi niliidharau, na hilo ndilo nataka kuwaeleza.

Ulikuja wakati petroli ilikuwa shida. Ilifika kwa mapipa, kwa treni, na ilipofika iligawiwa kwa vibali. Bruda alikuwa ameitwa Sumbawanga kwa wiki tatu, karakana akamwachia Fundi Mkuu. Siku hizo alikuja Sista Mganga wa zahanati ya huko Majimoto, Mnyamwezi mfupi mwenye haraka, aliyeendesha gari lake jeupe kama anakimbizwa. Kila mwezi alikuja Mpanda kuchukua chanjo za watoto kwenye sanduku lenye barafu, akarudi nazo siku hiyohiyo.

"Skolastika," akaniambia, "mafuta niliyopewa mwezi huu hayatoshi safari zangu. Huwezi kunifanyia chochote?"

Mtu aliponiita kwa jina na kuniomba, kichwa kilivimba. Fundi Mkuu alikuwa chini ya lori upande wa pili. Nilikwenda kwenye sanduku la vipuri vya zamani, nikatoa jeti ya kabureta ndogo, yenye tundu jembamba kuliko ile ya gari la Sista, nikaibadilisha. Skrubu ya mchanganyiko nayo nikaibana. Gari liliwaka vizuri tu. Fundi Mkuu alipokuja alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Umeseti?"

"Nimeseti."

Alinitazama, kisha akaitwa na dereva wa lori. Sista akaondoka.

Mwezi uliofuata alirudi akitabasamu. "Siku hizi linakunywa kama ndege," akasema mbele ya watu wote. Nilitembea siku nzima nikiwa mrefu kuliko kawaida yangu.

Safari hiyohiyo ya kurudi ndiyo iliyoharibika. Alipita Sitalike, akaingia hifadhini, na kwenye mwinuko mmoja gari likapoteza nguvu, likaanza kupiga kelele za bati, likazima. Jua lilikuwa kali. Alikaa ndani vioo vimefungwa kwa ajili ya mbung'o, sanduku la chanjo mapajani, mpaka alasiri lilipopita lori la mchele na kumbeba. Alipofika Majimoto barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Kina mama waliokuwa wakimsubiri tangu asubuhi, wengine wametoka vijiji vya mbali na watoto mgongoni, wakaambiwa warudi, chanjo zimeharibika.

Gari lilivutwa mpaka karakana siku ya pili, na Bruda alikuwa amesharudi. Aliifungua injini mwenyewe. Mimi na Fundi Mkuu tukasimama kando. Alichomoa plagi ya kwanza, ilikuwa nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya udongo. Nyeupe maana yake joto. Akafungua silinda ya tatu, ambayo kwenye injini zile ndiyo hupata upepo kidogo kuliko nyingine, akatoa valvu ya kutolea moshi. Ukingo wake ulikuwa umeliwa kama mkate ulioguguniwa na panya. Mwisho akafungua kabureta, akaiweka jeti kwenye kiganja.

"Hii si ya gari hili," akasema. Akamtazama Fundi Mkuu. "Karakana nilikuachia wewe."

Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kujua. Alijua tangu siku ile alipokunja uso. Lakini alisema, "Ndiyo, Bruda. Ilikuwa mikononi mwangu."

Nilisubiri anitaje, hakunitaja.

"Ni mimi, Bruda," nikasema. "Yeye alikuwa chini ya lori. Nilitaka Sista apunguze mafuta."

Bruda alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Alimgeukia Fundi Mkuu akamwomba radhi, hivihivi, mbele yangu. Kisha akaniambia, "Injini hii utaijenga wewe. Ukimaliza utaipeleka Majimoto, na utakaa huko na gari mpaka Sista aseme inatosha."

Huo ndio ulikuwa uhamisho wangu wa kwanza.

Majimoto si ugenini kwangu. Mama yangu ni Mpimbwe, kabila la hukohuko, nyumbani kwa bibi ni karibu tu. Ndiyo maana nilikwenda na aibu zaidi. Siku ya chanjo, Sista alinipeleka kwenye kibaraza cha zahanati, kina mama wamejaa.

"Huyu ndiye fundi," akawaambia. "Ana jambo la kusema."

Nikasema. Nilijaribu kueleza jeti, hewa na valvu, nikachanganya Kiswahili na Kipimbwe, nikajikwaa. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja, mwanangu. Hili gari linakula mafuta?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ulilipunja?"

"Ndiyo."

"Halafu ukalituma kazi ileile." Akawageukia wenzake. "Lililala njaa, jamani."

Wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Tangu siku hiyo sijapata maelezo mazuri zaidi ya kosa langu, na nimesoma vitabu vya ufundi viwili vitatu.

Lakini sitaki mfikiri iliishia kwenye kicheko. Kati ya siku ile chanjo zilipoharibika na siku zilipoletwa nyingine, watoto wawili waliugua surua. Mmoja alipona haraka. Wa pili, binti wa mwaka mmoja, alilazwa pale zahanati siku kumi na moja. Kila asubuhi kabla ya kugusa gari nilimpelekea mama yake uji. Alijua mimi ni nani. Siku sita aliupokea bila kuniangalia. Siku ya saba akaniambia, "Leo amenyonya," akanipa bakuli tupu, akalala palepale kwenye mkeka kwa uchovu. Mtoto alipona. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikakaa chini.

Nilikaa Majimoto mwaka mzima na miezi. Sista alisema inatosha mapema, mimi ndiye niliyeomba kubaki. Nilijifunza kuchuja petroli ya mapipa kwa ngozi laini, kwa sababu kutu na maji vikiingia kwenye jeti gari linakusimamisha popote. Nilijifunza kusafisha chujio la hewa kila wiki wakati wa vumbi la kiangazi. Sista hakuwahi kunikumbusha kosa lile. Alichofanya, kila akiondoka alishusha kioo na kuuliza, "Limeshiba?" Nami nikajibu, "Limeshiba, Sista."

Kutoka hapo nilipelekwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kuhudumia kombi mbili za mradi wa kilimo. Kombi ni ndugu wa magari yale madogo, injini nyuma, upepo uleule, ila zile zilikuwa na kabureta mbili, moja kila upande. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo upande mmoja unafanya kazi na mwingine unabebwa. Nilitumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Unasikia mluzi mdogo. Unahamia upande wa pili. Unarekebisha mpaka mluzi uwe mmoja.

Msimamizi wa Magari pale, mtu aliyeletwa kutoka Tabora, hakuamini mwanamke mwenye mpira sikioni. Siku ya kwanza aliweka kikombe cha chai juu ya injini inayonguruma.

"Chai ikimwagika," akasema, "utarudi kwenu."

Chai haikumwagika. Alikichukua kikombe, akanywa, akasema ina vumbi. Nilifanya naye kazi miaka tisa, na kwenye harusi yangu yeye ndiye aliyeendesha kombi ya maharusi. Nilimwoa, nisameheni, niliolewa na seremala Mrundi wa palepale Katumba, na msimamizi yule alisema anamhurumia bwana harusi, maana hata akikoroma mkewe atataka kumseti. Tuliishi vizuri. Alikoroma kweli.

Miaka ikaenda. Magari yenye rejeta yakajaa, na yale ya upepo yakabaki yamefunikwa maturubai nyuma ya nyumba za watu. Mradi ulipokwisha tulihamia Mpanda mjini, nikafungua gereji yangu nyuma ya soko. Nilidhani kabureta zimekufa, kumbe zimehamia kwenye pikipiki. Bodaboda wa Majimoto wenye magunia ya mchele, wafugaji wa Kisukuma wanaofuata ng'ombe wao kwa pikipiki, wote walikuja kwangu. Injini ileile ya upepo, kabureta ileile, ndogo tu. Vijana waliniita Bibi Jeti. Kila mmoja alitaka nimbanie mafuta yasiende mengi. Kila mmoja nilimsimulia habari ya Sista, wengine mara tatu, mpaka wakawa wananikatiza, "Tunajua, bibi, lililala njaa, weka jeti ya kwake."

Niliacha kazi kwa sababu ya masikio. Halikuwa jambo la siku moja. Kwanza mluzi wa kabureta ulififia, nikadhani mpira umeziba, nikakata mwingine. Halafu mteja mmoja, dereva mpole, alirudi na pikipiki niliyomkabidhi asubuhi, akasema kwa adabu, "Bibi, samahani, bado inamisi." Niliinama nikasikiliza. Kwangu ilikuwa imetulia kabisa. Niliweka mkono kwenye tangi, na hapo nikaihisi, ile kuruka neno, wazi kabisa kwenye kiganja. Sikio halikuwa limeniambia chochote. Nilimsetia kwa mkono, nikamshukuru, na mwisho wa mwezi nikamwachia gereji binti yangu, ambaye anajua na magari ya kompyuta.

Sina majuto makubwa. Watu huniuliza kama nasikitika kwamba ufundi wangu umepitwa. Kompyuta inapima hewa na mafuta mara nyingi kwa sekunde moja, wala haivimbi kichwa ikisifiwa. Mimi nafurahi kwamba gari la chanjo la leo halitegemei binti wa miaka ishirini na kitu anayetaka kupendwa. Ninachokosa ni dakika ile tu, injini imesitasita, unairudisha nywele moja, na kitu kizima kinapumua.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Mwalimu Mstaafu wa Litapunga alinitumia ujumbe. Gari lake la mgongo wa kobe, alilokuwa amelifungia bandani, amewatoa kuku waliolala ndani yake, amelinunulia betri, na linawaka ila halitulii. Mkewe, Mama Anastazia, miguu imemsumbua, kwenye bodaboda hawezi kupanda tena, na anataka kwenda kanisani kwa gari alilolizoea. Nilimjibu kwamba masikio yangu hayafai. Akajibu, "Njoo tu."

Nilikwenda. Tapeti asubuhi, pointi, plagi, kila kitu kwa mpangilio wake. Nilifungua kabureta nikaosha vipande vyake kwenye karai. Tulipowasha, niliweka kiganja kwenye bodi ya nyuma, lakini bodi ile ya zamani ilikuwa na mitetemo yake mingi, kutu na nati zilizolegea, sikuweza kutofautisha. Nilizima.

Nikamtazama Mama Anastazia. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti, khanga mabegani.

"Dada," nikamwambia, "umepanda gari hili miaka mingapi?"

"Tangu mtoto wetu wa kwanza."

"Basi sauti yake unaijua wewe. Nitazungusha skrubu. Ikiwa mbaya, inua mkono. Ikiwa nzuri, ushushe."

"Mimi sijui ufundi, Skola."

"Sikuombi ufundi."

Tukawasha. Nikafunga kidogo, mkono wake ukapanda. Nikarudisha, ukashuka nusu. Nikarudisha tena, akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali, kisha mkono ukashuka mpaka magotini na kubaki hapo. Nikaongeza nywele moja. Hakuinua. Alikuwa anatabasamu, hatutazami sisi.

Jumapili walinipitia. Mama Anastazia alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma, mahali ambapo injini iko karibu na mgongo wako kabisa. Barabara ilikuwa kavu, mabua ya mahindi yamesimama pande zote. Mwalimu aliendesha kwa uangalifu, mikono miwili kwenye usukani, na tulipopanda kilima cha kwanza akageuza kichwa kidogo.

"Fundi, huko nyuma inasikikaje?"

Mgongoni mwangu kulikuwa na joto na mtetemo mmoja laini. Masikioni injini haikuniambia kitu. Mbele, Mama Anastazia alikuwa akigonga goti lake kwa kidole, taratibu, kwa mapigo ya injini.

"Endesha tu, Mwalimu," nikasema.